Amplifaya: Mnunuzi asome nyuma ya mashine, si mbele

Kila Mfunguo Mosi unapokaribia, vijana wa Bagamoyo, Kerege na Mapinga hupanda basi kwenda Kariakoo na akiba yao mfukoni, kutafuta amplifaya. Harusi zilizosimama mwezi wa Ramadhani hurudi kwa mkupuo, na mwenye seti ya muziki ya kukodisha anajua kwamba wiki hizo chache ndizo zinazobeba mwaka wake. Akifika dukani huuliza swali moja tu: "Ina wati ngapi?" Kwa maoni ya safu hii, swali hilo ndilo linalowamalizia mtaji.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 vyombo vya muziki viliingia nchini kwa vibali, na bendi nyingi zilikuwa za mashirika na jumuiya. Chombo kikiungua, hasara ilikuwa ya mwajiri. Masharti ya uagizaji yalianza kulegezwa mwaka 1984, na leo maduka yamejaa mashine za kila namna. Hilo ni jema. Lakini hasara nayo imebinafsishwa: amplifaya ikiungua saa nne usiku, anayerudisha fedha za watu ni kijana mwenyewe.

Tuanze na hizo wati. Wati za kweli ni zile ambazo mashine inaweza kuzitoa mfululizo, na huandikwa kwa herufi RMS. Zile za PMPO ni za nukta ya sekunde, na kila kiwanda hujipimia kipendavyo. Ndiyo maana sanduku dogo la kubeba kwa mkono mmoja huandikwa wati 5,000. Wahenga walikwishasema juu ya debe tupu.

Dawa yake ni hesabu nyepesi. Geuza mashine, soma kibandiko cha nyuma kinachoonyesha umeme inaotumia, kisha tazama fyuzi. Kwa umeme wetu wa volti 230, fyuzi ya ampea 2 ni kama wati 460 zinazoingia. Amplifaya za transista za aina ya kawaida hugeuza nusu hadi theluthi mbili tu ya umeme kuwa sauti zinapofanya kazi kwa nguvu. Unaobaki huwa joto. Zipo mashine za kitaalamu ambazo kibandiko chake hupimwa kwa muziki wa wastani, hivyo tofauti ya mara mbili au tatu inaelezeka. Tofauti ya mara ishirini haielezeki.

Sasa, sauti nzito iliyojaa inatoka wapi? Inatoka kwenye transfoma na kapasita. Besi inapopiga huhitaji umeme mwingi kwa ghafla. Transfoma ikiwa ndogo, volti huanguka, besi inakuwa kavu, na mawimbi ya sauti hukatwa vichwa. Mkato huo hupeleka nguvu ya ziada kwenye spika ndogo za sauti nyembamba, nazo ndizo huungua kwanza. Kwa sababu hiyo mafundi wa zamani hununua kwa uzito. Kanuni hiyo bado inafaa, ingawa siku hizi zipo amplifaya za aina ya D zilizo nyepesi na bado zina nguvu za kweli. Kwa hizo tegemea maandishi ya RMS na jina la kiwanda.

Ukanda wetu una mambo yake mawili. Kwanza, kwenye nyumba zilizo mwisho wa laini umeme hushuka usiku. Ukishuka kutoka volti 230 hadi 190, amplifaya ya transfoma ya kawaida hupoteza karibu theluthi moja ya nguvu zake. Pili, upepo wa bahari hubeba chumvi, nayo hula soketi na viungio vya ndani. Mashine isiyopumua vizuri, au yenye mabati membamba ya kupozea joto, haina umri mrefu Bagamoyo.

Aidha, msomaji asidhani kwamba kuongeza wati mara mbili ni kuongeza sauti mara mbili. Sikio husikia nyongeza ndogo tu, desibeli 3. Spika yenye usikivu uliozidi kwa desibeli hizo hizo 3 hukupa matokeo yale yale kwa nusu ya wati. Mara nyingi fedha ya wati za ziada ingefanya kazi zaidi kwenye spika.

Tuingie kwenye vitabu vya hesabu. Tuchukulie mashine ya sh. 400,000 inayodumu msimu mmoja, na nyingine ya sh. 900,000 inayodumu miaka mitano. Uchakavu wa ya kwanza ni sh. 400,000 kwa mwaka. Wa ya pili ni sh. 180,000. Hapo bado hatujahesabu harusi iliyokatika, wala fundi, wala transista bandia. Namba 2SC5200 na 2SA1943, zinazotumika sana kwenye mashine hizi, ni miongoni mwa zinazoghushiwa sana duniani.

Kwa hiyo mnunuzi aende na spika zake, aombe mashine ipigwe saa nzima kwa muziki wa besi, aguse nyuma, kisha adai risiti iliyoandikwa wati za RMS na omu za spika.

Wauzaji wasilaumiwe peke yao, kwani huagiza kile wateja wanachokiuliza. Hata hivyo, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza maelezo ya kupotosha walaji, na tarakimu ya PMPO kwenye sanduku ni maelezo ya namna hiyo. Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria hiyo, haihitaji maabara kubwa kuanza kazi. Bisibisi na macho ya kusoma fyuzi vinatosha.