Maumivu Yasiyoonekana kwenye Picha

Sisi tuliozaliwa Afrika Mashariki tukaja kuvaa gwanda la Marekani, pamoja na wake na waume zetu, tumechoka kubishania kichwa. Mguu uliokatika hakuna anayeuhoji. Kipandauso hakionekani kwenye eksirei, basi mwenye nacho hutazamwa kama mtu anayetafuta hela za bure.

Jedwali la fidia ya maveterani lina ngazi nne tu za ulemavu kwa ugonjwa huu: asilimia 0, 10, 30 na 50, na juu ya hapo hakuna. Shambulio la kumlaza mtu kitandani likija kwa wastani mara moja kila miezi miwili, ni 10. Likija kila mwezi, 30. Ile 50 ni ya anayeangushwa mara kwa mara na kwa muda mrefu, hadi riziki yake inayumba. Mahakama ya rufaa ya maveterani ilishasema mwaka 2004 kwamba si lazima mtu awe hawezi kazi kabisa ndipo aipate. Lakini mwenzetu akitamka tu kwamba bado anapanga mizigo ghalani, kalamu ya mpimaji wa ulemavu inasimama.

Hapo ndipo panapotuuma. Jeshini tulifundishwa kuvumilia. Mtu anameza vidonge, anavaa miwani myeusi, anakwenda kazini kwa sababu kodi ya nyumba haingoji, halafu uvumilivu ule ule unageuzwa ushahidi dhidi yake. Mpimaji hamwoni jioni: blanketi limepigiliwa misumari dirishani, ndoo iko kando ya kitanda, watoto wananong'ona, na harufu ya kitunguu kinachokaangwa inatosha kumtapisha. Asubuhi mke anaandika tarehe kwenye kalenda ya jikoni, maana bila tarehe hakuna kesi.

Na dharau hii inaanzia juu. Makombora ya Iran yalipopiga kambi ya Al Asad, Iraq, Januari 8, 2020, tuliambiwa hakuna aliyeumia. Rais Trump akasema amesikia habari za maumivu ya kichwa, na kwamba si jambo zito. Wanajeshi zaidi ya 100 wakaja kugundulika wana majeraha ya ubongo.

Hatuombi hisani. Sheria inakubali barua ya mke, ya jirani, ya msimamizi wa kazi iwe ushahidi. Tunaziandika, tunazituma, uamuzi unarudi bila kuzitaja. Anayetia saini aseme amezisoma, na kama haziamini, aeleze kwa nini.