Daftari la kifusi ni kodi isiyo na risiti

Mhariri,

Masika yakianza, ajenda za mikutano ya mitaa pembezoni mwa Dar es Salaam hubadilika. Kivule, Msongola, Goba au Chanika, mwenyekiti wa mtaa huweka kando habari za ulinzi shirikishi na kuanza kusoma bei ya lori la kifusi. Kila kaya inapangiwa mchango, majina yanaandikwa kwenye daftari, na baada ya siku chache kifusi kinamwagwa kwenye mashimo. Mvua kubwa ikinyesha, kifusi kinasombwa. Daladala zinaanza tena kukatisha ruti, bodaboda wanapandisha nauli, na daftari linazunguka upya.

Moyo wa kuchangia hauna ubaya. Kinachokera ni kwamba watu hawa wameshalipa. Mwaka 2021 Bunge liliongeza Sh100 katika tozo ya kila lita ya petroli na dizeli, ikafika Sh413, na nyongeza hiyo ikaelekezwa kwa Wakala wa Barabara Vijijini na Mijini, yaani TARURA. Mwaka huohuo kodi ya majengo ikaanza kukatwa kwenye umeme wa LUKU: Sh1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ambayo mwaka 2023 ilipandishwa hadi Sh1,500. Abiria wa bajaji hulipa tozo ya mafuta ndani ya nauli, na mpangaji huchangia kodi ya nyumba isiyo yake kila anaponunua umeme. Hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kuonyeshwa kalavati lililojengwa kwa fedha yake.

Wakiuliza, wanaelekezwa kwa diwani. Diwani naye hana la kujibu.

Hadi mwaka 2017 barabara za wilaya zilikuwa mikononi mwa halmashauri. Julai mwaka huo TARURA, iliyo chini ya wizara ya serikali za mitaa, TAMISEMI, ikakabidhiwa mtandao ambao leo unazidi kilomita 144,000, takriban mara nne ya ule wa TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa. Kuwakusanya wahandisi na zabuni chini ya chombo kimoja kulikuwa na mantiki, kwani halmashauri nyingi hazikuwa na wataalamu wa kutosha. Lakini utaalamu ulipohamishwa, uamuzi nao ulihama. Meneja wa TARURA wa wilaya anawajibika kwa makao makuu Dodoma, wala si kwa baraza la madiwani. Mwaka mmoja kabla ya hapo, ukusanyaji wa kodi ya majengo nao ulikuwa umepelekwa Mamlaka ya Mapato (TRA). Diwani, ambaye ndiye anayeomba kura kwenye mtaa wenye mashimo, amebaki mpeleka maombi.

Hoja inayotolewa kila mara ni kwamba fedha hazitoshi. Basi yatazamwe yaliyotokea sokoni. Novemba 2024 Benki ya CRDB ilifungua hatifungani ya Samia Infrastructure Bond ili kuwawezesha makandarasi wa miradi ya TARURA walipwe kwa wakati. Ililenga Sh bilioni 150. Ikakusanya takriban Sh bilioni 323. Miezi michache kabla, Mamlaka ya Maji Tanga ilikuwa imeuza hatifungani yake ya miaka kumi kwa ajili ya mtandao wa maji, ikitafuta Sh bilioni 53.12, nayo ikavuka lengo. Watanzania wenye akiba wako tayari kukopesha miundombinu, mradi waone ni nani anadaiwa na atalipa kwa mapato gani.

Hapo ndipo halmashauri zinapokwama. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inaziruhusu kukopa kwa idhini ya Waziri. Mamlaka ya maji, hata hivyo, ina bili za kila mwezi za kumwonyesha mkopeshaji, wakati barabara ya mtaa haina bili. Kinachoweza kuibeba ni mapato yanayotokana na ardhi na usafiri wenyewe: kodi ya majengo, maegesho, ushuru wa stendi. Halmashauri isiyo na kauli juu ya kodi ya majengo itamwonyesha nini mkopeshaji?

Mfano wa mbali unasaidia kuona namna nyingine ya kufanya. Katika jimbo la California, Marekani, kodi ya mahali inayotengwa kwa kazi maalumu kama usafiri kwa kawaida huhitaji theluthi mbili ya kura. Wilaya ya Los Angeles iliomba kurefusha kodi yake ya usafiri mwaka 2012, ikapata asilimia 66.1 na kushindwa kwa chini ya asilimia moja. Ikarudi mwaka 2016 na orodha ya miradi, ikapata zaidi ya asilimia 70. Mlipa kodi wa huko alijua analipia reli ipi na barabara ipi, na alikuwa na nafasi ya kukataa. Anayeandikwa kwenye daftari la kifusi hana nafasi hiyo.

Wapo watakaosema halmashauri haziaminiki, na ushahidi wanao. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) hurudia kutaja makusanyo ya mashine za POS yasiyofika benki. Mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya usimamizi mbovu. Wazee nao hawajasahau kodi ya maendeleo, iliyofutwa mwaka 2003 baada ya miaka ya watu kukimbizana na mgambo. Hizo ni sababu za kuweka masharti magumu. Daftari la mtaani, ambalo CAG haligusi kabisa, haliwezi kuwa mbadala.

Tofauti ya vipato nayo isipuuzwe. Ilala ina maghorofa ya kutoza. Halmashauri ya vijijini inayotegemea ushuru wa mazao haina. Kwa hiyo tozo ya mafuta iendelee kugawanywa na Serikali Kuu, na izipendelee wilaya zisizo na vyanzo.

Kinachotakiwa ni kipengele katika Muswada wa Fedha ujao. Sehemu ya kodi ya majengo irudi katika halmashauri ilikotoka, iingie akaunti ya barabara isiyochanganywa na posho wala mafuta ya magari, na orodha ya barabara ipitishwe na mikutano mikuu ya mitaa kabla ya baraza la madiwani kuigusa. TARURA ibaki na usanifu na usimamizi wa kazi. Halmashauri itakayopata hati safi ya ukaguzi miaka mitatu mfululizo iruhusiwe kuuza hatifungani kwa dhamana ya mapato hayo. Na taarifa ya makusanyo na matumizi ibandikwe kwenye ofisi ya kila mtaa, kila robo mwaka, ikitaja jina la barabara na kiasi kilichotumika.

Msomaji wenu,
Ilala, Dar es Salaam