Ndege ya mtumba huulizwa saa, haiulizwi bei

Wiki mbili zilizopita alinijia rafiki yangu mmoja, mwenye matatu mbili na lori moja, akiwa na furaha ya mtu aliyeokota pochi. Alikuwa amepata ndege. Si tiketi ya ndege, msomaji, bali ndege yenyewe: King Air C90 ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, injini mbili, viti sita vya abiria, imeegeshwa uwanja wa Wilson na inauzwa rahisi. Yeye na wenzake wawili wangechanga, kisha waikodishe kwa watalii na wafanyakazi wa mashirika. Fungu lake lingetokana na kuuza shamba la Kitengela.

Mkewe ndiye anayelima maharagwe katika shamba hilo, na ndiye aliyemtuma kwangu. "Nenda kwanza kwa Mwalimu akupigie hesabu," alimwambia. Hesabu za karo na kodi ya nyumba nazijua, lakini za ndege sijapata kuzipiga. Bahati nzuri mpwa wangu, anayesomea uhandisi wa ndege, alikuwa nyumbani kwa likizo akimaliza mkate wangu.

Rafiki yangu alianza kwa kutueleza mpango wake. "Injini zikituchosha tutazing'oa tuweke kubwa zaidi. Kuna kampuni Marekani inafanya hivyo. Si ndivyo nilivyofanya kwa lile lori? Nilitoa injini ya petroli nikatia ya dizeli, na mpaka leo linanilisha."

Hapo hakukosea sana. King Air ya kwanza iliruka mwaka 1964 huko Wichita, jimbo la Kansas, na tangu hapo zimeundwa zaidi ya 7,000 za aina mbalimbali, kwa hiyo soko la kuziboresha ni kubwa. Ni ndege ya turbopropu, yaani ndani ya injini mna turbini kama ya jeti, lakini nguvu yake huzungusha propela. Injini zenyewe ni za jamii ya PT6, za kampuni ya Pratt & Whitney Canada. C90 ya umri huo huja na PT6A-21, yenye nguvu za farasi 550 kila moja. Kampuni ya Blackhawk ya Waco, Texas, iliyoanza mwaka 1999, huziondoa na kuweka PT6A-135A, ambayo uwezo wake ni farasi 750 lakini katika ndege hii hufungwa isipite 550.

"Ngoja kwanza," nikasema. "Unatoa 550 unaweka 550? Hayo si maboresho, hayo ni matanga."

Kijana alicheka, akanipeleka kwa mawazo hadi Marikiti. "Mjomba, chukua wachukuzi wawili wa mkokoteni. Mmoja magunia matano yanamfikisha karibu na mwisho wa nguvu zake. Wa pili anaweza saba, lakini mkokoteni ni wa matano, basi unampa matano. Barabara ikiwa tambarare na asubuhi ikiwa na baridi, huwezi kuwatofautisha. Wapeleke kwenye mlima saa nane mchana. Wa kwanza atashusha gunia. Wa pili atapanda na matano yake."

Mlima huo kwa ndege ni hewa nyepesi. Kadiri unavyopanda juu, na kadiri jua linavyowaka, ndivyo hewa inavyopungua uzito. Injini hupata hewa kidogo, joto lake la ndani hufika kikomo mapema, na rubani hulazimika kupunguza moto kabla hajapata nguvu zote. Wilson iko futi zaidi ya 5,500 juu ya bahari. Upande mmoja kuna mbuga ya wanyama, upande mwingine kuna mapaa ya Kibera. Ndege ya injini mbili ikipoteza moja mara tu baada ya kuacha ardhi, inayobaki ndiyo itakayoamua kama itaendelea kupanda au la. Mchana wa joto, ndege ikiwa imejaa watu na mafuta, akiba hiyo ya nguvu si anasa. Hili nililiona kuwa ndilo jambo la maana kuliko yote yanayosemwa kuhusu injini kubwa, na ajabu ni kwamba dalali hakulitaja kabisa. Yeye aliimba mwendo.

Basi tukaupima mwendo. Ndege yenye injini za zamani tuipe kilomita 415 kwa saa, na yenye mpya tuipe 470. Nairobi hadi Mombasa kwa anga ni kama kilomita 440. Ya kwanza itachukua dakika 64, ya pili dakika 56. Abiria amepata dakika nane, nazo atazimaliza akingojea mzigo wake.

Sasa tukafika penye mgogoro. Injini hizi hazipimwi kwa miaka wala kwa kilomita, hupimwa kwa saa za kuruka. PT6A-21 hupangiwa saa 3,600 kabla ya kufumuliwa na kuundwa upya, na katikati, zikifika kama 1,800, hufunguliwa sehemu ya moto ili vipande vya turbini vikaguliwe. Mpwa wangu akauliza swali moja tu: "Zimebaki saa ngapi?" Rafiki yangu hakujua. Alijua bei, alijua rangi ya viti, alijua ndege ina redio mpya. Tukampigia dalali simu, naye baada ya kuzungukazunguka akasoma daftari: injini ya kushoto ina saa 3,310 tangu ifumuliwe, ya kulia ina saa 1,450.

Bei za mafundi wa ndege hutajwa kwa dola na hubadilika kila uchao, kwa hiyo tulichagua tarakimu nyepesi za kufanyia hesabu. Tuseme kufumua injini moja ni dola 300,000. Gawa kwa saa 3,600, upate dola 83 na senti. Kila saa ndege ikiwa angani, injini moja inakula kiasi hicho cha uhai wake, na injini mbili zinakula karibu dola 167, hata kama hakuna anayekudai siku hiyo. Kwa kipimo hicho, injini ya kushoto imekwisha kula dola 276,000 na ya kulia dola 121,000. Jumla ni dola 397,000, na huo uhai uliliwa na mwenye ndege wa sasa. Atakayeulipia ni atakayenunua. Ndiyo maana ya "rahisi".

Rafiki yangu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi ndiyo sababu nzuri ya kuweka mpya."

Hapana, si kwa ndege hii. Tuseme jozi ya injini mpya pamoja na kazi, ukirudisha za zamani na kupunguziwa kidogo, ni dola 900,000. Kama zote mbili zingekuwa ukingoni mwa saa 3,600, dola 600,000 za kuzifumua ungezitoa utake usitake. Bei ya kweli ya maboresho ingekuwa tofauti tu, yaani 300,000. Mtu anayeruka kila siku kwenda viwanja vya juu na vya joto, ndege imejaa, angeweza kuirudisha fedha hiyo, tena angepata injini zisizo na historia ya watu wengine. Lakini injini ya kulia imebakiwa na saa 2,150. Ukiitoa leo umetupa uhai wa dola 179,000, na ya kushoto ina wa dola 24,000. Maboresho yamepanda kutoka 300,000 hadi 503,000, na hujaruka hata hadi Voi.

Ukiniuliza mimi, kitu kilichonitisha zaidi ni gharama za kukaa, si injini. Lori likikosa kazi unaliegesha chini ya mwembe. Ndege ikikosa kazi inaendelea kudai: bima, hanga, mafunzo ya marubani, ukaguzi. Ukaguzi wa King Air umegawanywa mafungu manne ya kila saa 200, lakini yote sharti yaishe katika miezi 24, uwe umeruka au umelala. Propela, magurudumu na boliti zinazoshika mabawa pia zina kalenda zao. Tuseme mambo hayo yote ni dola 120,000 kwa mwaka. Ukiruka saa 300, kila saa inabeba dola 400. Ukiruka saa 100, inabeba 1,200. Ongeza mafuta, kama lita 300 kwa saa, tukikadiria dola moja kwa lita. Ongeza ile 167 ya injini. Saa moja ni dola 867 katika mwaka mzuri na 1,667 katika mwaka mbaya, mishahara ikiwa bado. Na injini mpya, ziwe nzuri namna gani, haziwezi kukuletea mteja.

Nikamwuliza wateja wa saa 300 wako wapi. Alikuwa na ahadi mbili za mdomo. Vibali vya biashara kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Ndege alikuwa hajavifikiria, wala hakujua kwamba maboresho kama hayo huja na cheti chake, ambacho lazima karatasi zake zikubaliwe pia hapa ndege ilikosajiliwa.

Tulimwandikia kwenye karatasi mambo matatu ya kurudi nayo Wilson. Muuzaji apunguze dola 276,000 za injini ya kushoto au aifumue mwenyewe kabla ya kuuza. Injini ya kulia, ambayo imebakiza saa 350 tu kufika ukaguzi wa sehemu ya moto, ifunguliwe sasa mbele ya fundi wa wanunuzi. Na madaftari yote yaonekane, tangu siku ndege ilipotoka kiwandani, bila ukurasa kukosa. Suala la injini kubwa lingojee mpaka ya kulia nayo izeeke, kama biashara itakuwa bado hai.

Alhamisi alipita nyumbani. Muuzaji alikuwa amesoma ile karatasi, akasema atapiga simu. Mpaka ninapoandika haya hajapiga. Shemeji naye ametuletea debe la maharagwe, na mpwa wangu amerudi chuoni na nusu yake.