Kabla hujampeleka mtoto judo

Msomaji, huenda wewe ni mmoja wa wazazi wa Tudor wanaotaka mtoto ajifunze judo, karate au taekwondo, anyooshe viungo na ajue kujikinga na wahuni. Nia ni njema. Lakini je, umewahi kuketi pembeni ukatazama mwalimu akifundisha?

Katika judo kuna kabari. Ikikaza pande zote mbili za shingo, damu iendayo kwenye ubongo hupungua na mtu aweza kuzimia katika sekunde 10 hivi. Ndiyo maana anayekabwa akigonga mkeka au mwili wa mwenzake, sharti aachiliwe papo hapo. Kinga kubwa aliyo nayo ni hiyo. Shingo amemwazima mwenzake kwa kuaminiana tu.

Jambo hili si geni kwetu Pwani. Tazama kirumbizi, mchezo wa fimbo unaochezwa harusini na wakati wa Maulidi kule Lamu. Ngoma zinalia, fimbo zinagongana, lakini kila mmoja ana hakika kwamba mwenzake hakuja kumpasua kichwa. Asiyeweza kujizuia, nani atakubali kucheza naye? Hata Jigoro Kano, Mjapani aliyeanzisha judo mjini Tokyo mwaka 1882, alisisitiza kwamba mazoezi yawafaidi wote wawili.

Wanaoniudhi mimi ni walimu wanaomwambia mtoto aliyepigwa kichwani ati ajikaze kiume. Mtoto aliyegongwa kichwa kisha akaona kizunguzungu au akasahau yaliyotokea, mazoezi yake yamekwisha siku hiyo, na asirudi mpaka daktari aseme amepona. Akitapika, akisinzia ovyo au kichwa kikizidi kuuma, mkimbize hospitali. Usimkandekande na kumlaza.

Tena kuna suala la mlango. Mwalimu asiyetaka wazazi watazame, au anayemwita mtoto mmoja peke yake kwa mazoezi ya faragha, mwulize sababu. Usimwonee haya kwa kuwa amejifunga mkanda mweusi. Mikanda hiyo inauzwa madukani, nyeusi kwa nyeupe. Jibu lisipokuridhisha, mwondoe mtoto, hata kama umeshalipa ada ya mwezi.

Na jioni akirudi, kabla ya kumwuliza amemwangusha nani, mwulize: leo ulipogonga mkeka, walikuachilia?