Koyote Hewani: Hoja Dhidi ya Uhakiki Usiotazama

Utangulizi

Mhusika anaponena, mhakiki wa fasihi huwa tayari kulichambua kila neno lake. Mhusika huyo huyo anapoanguka, mhakiki hugeuza uso pembeni na kungoja ainuke aseme jambo la maana. Desturi hii haijatangazwa popote kuwa nadharia, lakini inatawala tasnifu, mitihani na mijadala ya fasihi ya Kiswahili kwa nguvu ambazo hakuna nadharia iliyotangazwa iliyowahi kuzipata. Matokeo yake ni kwamba kichekesho cha mwili, ambacho ni kikongwe kuliko kichekesho cha neno, hakina mhakiki.

Dharau hiyo hujidhihirisha zaidi pale filamu za katuni zinapotajwa. Aghalabu pingamizi tatu hutolewa. Kwanza, husemwa kuwa katuni ni burudani ya watoto, na kwa hiyo hazistahili kushughulikiwa na wataalamu. Pili, husemwa kuwa ni bidhaa za kigeni zinazobeba itikadi za wenye kuziuza. Tatu, husemwa kuwa zinarudia jambo lile lile kila mara, na kurudia ni dalili ya umaskini wa ubunifu. Makala haya yanashikilia kuwa pingamizi zote tatu zinatokana na kosa moja, nalo ni kuhukumu kazi ya sanaa kabla ya kuitazama. Ili kuthibitisha dai hilo, ishara moja tu imeteuliwa: koyote anayepita ukingo wa jabali, akasimama hewani, akatazama chini, kisha akaanguka.

Ishara Yenyewe

Mnamo Septemba 1949 kampuni ya Warner Bros. ya Marekani ilitoa filamu fupi iitwayo Fast and Furry-ous, iliyoongozwa na Chuck Jones na kutungiwa kisa na Michael Maltese. Humo alizaliwa Wile E. Coyote, mnyama wa jangwani wa jamii ya mbweha, mwenye mbavu za kuhesabika, ambaye amejitwika kazi moja tu: kumkamata ndege aitwaye Road Runner. Jones alikiri kwamba wazo la mnyama huyo alilipata katika kitabu cha Mark Twain, Roughing It (1872), alichokisoma utotoni. Filamu ya pili ilitoka mwaka 1952, nyingine zikafuata. Zilitengenezwa kwa ajili ya sinema; kuanzia mwaka 1966 zikapewa kipindi chao katika televisheni ya Marekani, na kwa njia ya televisheni zikaenea duniani.

Kutembea hewani hakukuanza na koyote huyu. Ni kunga iliyokwisha kuzoeleka katika katuni kabla yake. Mchango wa Jones ulikuwa kuipa kunga hiyo hatua zinazofuatana kwa mpangilio maalumu. Koyote anakimbia hadi anapita ukingo, na miguu yake inaendelea kukimbia kana kwamba ardhi ingalipo. Anasimama. Pengine anapapasa kwa wayo mahali palipopaswa kuwa na mwamba. Uso unabadilika taratibu. Kisha, kabla ya lolote, anamtazama mtazamaji. Wakati mwingine anainua kibao chenye maandishi, wakati mwingine anapunga mkono wa kwaheri. Ndipo anapoanguka, huku mtazamaji akimwona kutoka juu akipungua mpaka anakuwa nukta, na hatimaye kivumbi kidogo kinafuka chini kabisa ya bonde.

Mwaka 1980 Mark O'Donnell, mwandishi wa vichekesho, alichapisha katika jarida la Esquire orodha ya mzaha ya sheria za mwendo katika katuni. Sheria ya kwanza ilisema kwamba kitu kilicho hewani hubaki hewani mpaka kitakapotambua hali yake. Ingawa ulikuwa mzaha, ndani yake mna ukweli ambao wahakiki wengi wameukosa: koyote haangushwi na uzito, anaangushwa na ujuzi.

Bergson na Mtu Aliyejikwaa

Anayetaka kueleza kicheko hukimbilia kwa Henri Bergson, na kwa haki, kwani kitabu chake cha mwaka 1900 kingali nguzo ya mjadala huo. Bergson anatoa mfano wa mtu anayekimbia barabarani, akajikwaa na kuanguka, na wapita njia wakamcheka. Wanacheka, kwa maoni yake, kwa sababu mwili umeendelea na mwendo wake kama mashine ilhali hali ilidai mabadiliko. Kichekesho ni ukakamavu wa mashine uliogandama juu ya uhai.

Maelezo haya yanamfaa koyote mpaka ukingoni, na yanamwacha hapo. Miguu inayokimbia bila ardhi ni mashine hasa. Hata hivyo, kicheko kikubwa hakiji wakati huo, wala hakingoji kishindo cha chini. Kinakuja katikati, mashine inaposimama na akili kurejea. Mtu wa Bergson huchekwa kwa kutojua. Koyote huchekwa kwa kujua, ila kujua kulikochelewa kwa hatua mbili au tatu.

Wanafunzi wa Aristotle watalitambua jambo hili mara moja, kwa kuwa ndilo utambuzi unaozungumzwa katika nadharia ya tanzia: mhusika kupita kutoka kutojua hadi kujua, na kujua huko kuambatana na mgeuko wa hali yake. Oedipus anautambua ukweli wakati ambapo ukweli hauwezi kumsaidia. Koyote vilevile. Tofauti ni kwamba katika katuni kifo kimeondolewa, na kwa kuondolewa kifo umbo la utambuzi limebaki likionekana waziwazi, bila machozi ya kulifunika. Huu si utoto wa sanaa. Anayedai kuwa jambo hili ni la watoto pekee ana wajibu wa kueleza ni kwa nini utambuzi ukitendeka jukwaani Ugiriki huitwa falsafa, na ukitendeka jangwani mwa Arizona huitwa upuuzi.

Itikadi na Kipigo

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na halifai kujibiwa kwa mzaha. Theodor Adorno na Max Horkheimer, wakiandika uhamishoni Marekani katika miaka ya 1940, walidai kwamba Donald Duck hupata kipigo katika katuni ili watazamaji wajifunze kuvumilia kipigo chao wenyewe. Mwaka 1971 Ariel Dorfman na Armand Mattelart walichapisha nchini Chile uchambuzi wao wa vitabu vya picha vya Donald Duck, wakaonyesha jinsi vilivyojaa dharau kwa mataifa maskini. Msomi wa Kiafrika ana kila sababu ya kuwasikiliza wote wanne. Anapokosea ni pale anapolichukua hitimisho lao na kuliacha zoezi la kutazama lililowafikisha hapo.

Kwani koyote anapigwa na nani? Katika kanuni ambazo Jones alizieleza baadaye kuhusu filamu hizi, ndege haruhusiwi kumdhuru koyote ila kwa kumshtua kwa mlio wake. Koyote hudhurika kwa uzembe wake mwenyewe au kwa kuharibika kwa mitambo anayoagiza kutoka kampuni ya Acme. Na huruma ya mtazamaji lazima ibaki kwa koyote. Aidha, koyote yuko huru kuacha wakati wowote. Hakuna bwana anayemtuma, hakuna mshahara anaougojea. Kwa hiyo hiki si kichekesho cha mnyonge anayefunzwa kuvumilia. Ni kichekesho cha mshupavu aliyesahau kuwa njaa ndiyo iliyomtoa nyumbani, akabaki na mbio tu. Waswahili walikwisha kusema: tamaa mbele, mauti nyuma.

Zaidi ya hayo, lipo lile tazamo. Anayepigwa ili wengine wazoee kipigo hatakiwi kumtazama anayemwona. Koyote anamtazama. Kwa muda usiofika hata sekunde mbili anamtoa mtazamaji katika usalama wa kiti chake na kumfanya shahidi. Yeyote aliyewahi kufanya kosa mbele za watu na kulitambua nusu hatua baadaye anaujua uso ule. Uhakiki wa itikadi usiokuwa na nafasi ya tazamo hilo umesoma karatasi za kampuni, haukuitazama filamu.

Waadilifu wa vituo vya televisheni nao walikosea vivyo hivyo. Katika miaka ya 1970 na 1980 vituo vya Marekani vilikata baadhi ya matukio ya filamu hizi kwa hofu ya kuwafunza watoto ukatili, na miongoni mwa yaliyokatwa ni kishindo cha koyote kufika chini. Waliona mpigo wakauondoa, wasijue kwamba kivumbi kile cha mbali ndicho nukta inayofunga sentensi. Sentensi isiyofungwa haipunguzi ukatili. Inaharibu sarufi.

Mizani na Mrudio

Ikiwa neno sarufi litaonekana kuwa limetiwa chumvi, ushahidi upo. Jones alieleza kwamba koyote alichukua fremu 18 kutoweka machoni, na baada ya hapo zilihitajika fremu 14 kabla ya kivumbi kufuka. Fremu 13 hazikuchekesha, wala 15. Filamu hupita fremu 24 kwa sekunde. Tofauti inayozungumzwa, basi, ni sehemu moja ya ishirini na nne ya sekunde.

Mhakiki wa ushairi wa Kiswahili hana haki ya kulicheka jambo hili. Yeye huhesabu mizani nane za ukwapi na nane za utao, na mshororo wenye mizani tisa katika kipande kimoja huurudisha kwa mtunzi bila kusita. Anajua kwamba sikio lililolelewa katika bahari hiyo huikata silabi iliyozidi kabla akili haijaihesabu. Kama nidhamu ya silabi ni sanaa, kwa nini nidhamu ya fremu iwe ufundi wa kiwandani?

Kwa msingi huo huo pingamizi la mrudio linaanguka. Milman Parry alifanya utafiti wake kwa wasimulizi wa tendi wa Yugoslavia kati ya 1933 na 1935, na Albert Lord akaukamilisha katika kitabu cha mwaka 1960. Tangu hapo imefahamika kuwa fomula si kasoro ya msanii aliyeishiwa. Ni nyenzo ya utunzi, na hadhira huifurahia kwa sababu inaitambua. Anayekiona kiitikio cha wimbo kikirudi hasemi kuwa mtunzi amechoka. Mtazamaji wa koyote anajua kuwa ataanguka. Asichokijua ni namna atakavyojua: kwa wayo, kwa mkono, kwa kibao, au kwa shingo inayorefuka, mwili ukitangulia na uso ukichelewa kumfuata. Taharuki haipo katika tukio, ipo katika utambuzi wa tukio. Ndiyo maana ishara moja iliweza kurudiwa kwa miaka mingi bila kuchakaa.

Fisi kwenye Njia Panda

Katika uwanja wa fasihi simulizi kosa hili linagharimu zaidi. Njia mbili zilimshinda fisi: kila mwanafunzi anaijua methali, na wengi wanakijua kisa cha fisi aliyesikia harufu ya nyama kutoka njia mbili, akatia mguu huku na mguu kule mpaka akapasuka. Fanani hodari hasemi tu kwamba fisi alipasuka. Hutanua miguu. Hunusa kulia, akanusa kushoto. Hutanua tena kidogo, na hadhira, inayouona mpasuko ukija, huanza kucheka kabla haujafika. Fisi huyu na koyote si mtu na nduguye, kwani fisi hufa asijue na koyote hujua asife. Lakini wote wawili wanaishi katika mwili, na katika muda unaopimwa kati ya kosa na adhabu.

Kisa hicho kinapofika katika diwani kinakuwa sentensi moja: fisi akapasuka akafa. Mwanafunzi anaulizwa funzo lake, anajibu kuwa tamaa ni mbaya, anapewa alama zake. Hakuna anayeuliza swali la wazi: ikiwa methali ilitosha kutoa funzo hilo, kisa kilisimuliwa kwa nini? Ruth Finnegan alisisitiza mwaka 1970, katika kitabu chake kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, kwamba utendaji ndio uhai wa fasihi hiyo. Kauli hiyo hunukuliwa katika kila sura ya kwanza ya tasnifu na kusahauliwa kuanzia sura ya pili. Idara inayomfundisha mwanafunzi kuidharau ishara ya koyote inamfundisha, bila kukusudia, kutoiona ishara ya fanani wa kijijini kwake.

Hitimisho

Haidaiwi hapa kuwa katuni zipewe nafasi ya tendi, wala kuwa maudhui yasichambuliwe. Kinachodaiwa ni utaratibu. Mhakiki aandike kwanza mwili unafanya nini, kwa mfuatano upi, na kwa muda gani. Ndipo aulize unafunza nini. Mtafiti arudipo kutoka nyanjani na kanda zake, ukurasa wa unukuzi uwe na safu ya mikono, miguu na macho kando ya safu ya maneno, na tasnifu isiyo na safu hiyo irudishwe kama mshororo wenye mizani tisa.

Uhakiki wa fani na maudhui umekimbia mbio ndefu, na maudhui yakiwa mbele yake kama yule ndege. Miguu ingali inakwenda. Kilichobaki ni kutazama chini.