Kelele za Magurudumu na Haki ya Jirani

Katika miji ya Uingereza, ambako jamaa zetu wengi wameweka maskani, upo ugomvi wa ujirani usiokwisha. Halmashauri ya mji hujenga kiwanja cha ubao wa magurudumu, yaani mahali penye miteremko, kingo na mabonde yaliyosakafiwa, ambapo vijana huteleza na kuruka wakiwa wamesimama juu ya ubao mfupi wenye magurudumu manne. Hazipiti siku nyingi, barua za malalamiko huanza kumiminika. Kelele hazikomi hata usiku umeingia. Chupa zimetapakaa. Matusi yanasikika mpaka sebuleni. Panafuka harufu ya bangi, na kuta zimechorwa. Aghalabu ombi la mwisho huwa ni lile lile: kiwanja kifungwe.

Barua hizi si za kudharauliwa. Aliyerudi alfajiri kutoka zamu ya hospitali na sasa anautafuta usingizi mchana, mama mwenye mtoto mchanga, mzee ambaye dirisha lake ndiyo dunia yake, wote hao wana haki ya utulivu, na haki ya jirani kwetu si jambo dogo. Ila barua nyingi za namna hii hufunga mambo matatu katika furushi moja: sauti ya mchezo wenyewe, mwenendo mbaya wa baadhi ya watu, na kule kuwepo tu kwa vijana. Kila moja kati ya hayo lina mtu wake wa kuulizwa. Yakichanganywa, huulizwa yule aliye dhaifu kuliko wote, naye ni mtoto mwenye ubao.

Tuanze na sauti, kwani ndiyo inayofahamika vibaya. Kelele za barabara ni mfululizo, na sikio huzizoea. Sauti ya ubao ni ya kushtukiza: kimya, kisha mkwaruzo, kisha mlio mkali wa ubao ukigonga sakafu, kisha kimya tena. Moyo wa msikilizaji hukaa ukingojea mlio unaofuata. Ndiyo maana mpimaji wa halmashauri anaweza kuja na chombo chake, akachukua wastani wa saa nzima, akaandika kwamba kiwango kinakubalika, ilhali mwenye nyumba anaapa kwamba hapati raha. Wote wawili wanasema kweli. Wastani huimeza milio ile mikali ndani ya ukimya unaoizunguka.

Kisha huja suala la ujenzi. Mteremko wa mbao au wa bati la chuma, ulio wazi upande wa chini, hufanya kazi ya ngoma: kila ubao ukitua, tumbo lile tupu huvumisha mlio. Zege lililomwagwa juu ya ardhi iliyoshindiliwa halivumi hivyo. Tuta la udongo kati ya kiwanja na nyumba husaidia, na umbali husaidia zaidi. Basi halmashauri iliyonunua miteremko ya chuma kwa sababu ni rahisi, ikaipanga mkabala na madirisha ya vyumba vya kulala, imeununua na ugomvi wenyewe. Katika hilo mtoto wa miaka 13 ana kosa gani? Ameambiwa hapa ndipo pa kuchezea, naye anacheza.

Wajerumani walijaribu kulimaliza jambo hili kwa sheria. Mwaka 2011 walirekebisha sheria yao ya mazingira, ikawa kelele za watoto zitokazo shule za chekechea na viwanja vya kuchezea kwa kawaida hazihesabiwi kuwa madhara kwa jirani. Nimeupenda uamuzi huo. Hata hivyo, viwanja vya mbao za magurudumu, ambavyo hutumiwa zaidi na vijana wakubwa, havikuingizwa katika msamaha huo. Mtoto wa miaka 5 amepewa nafasi ya kupiga makelele, na kaka yake wa miaka 15 amebaki mlango wa nje. Huenda ni haki, kwa kuwa sauti ya kaka ni nzito na saa zake ni za usiku. Lakini hapo ndipo linapoonekana lile jambo la tatu, yaani kijana kuwa shaka kwa kule kuwepo kwake tu.

Mwaka 2005, huko Merthyr Tydfil, Wales, mtu mmoja aitwaye Howard Stapleton alibuni chombo cha kuwafukuza vijana mbele ya maduka. Alikiita Mbu. Hutoa mlio mwembamba wa mitetemo 17,000 hivi kwa sekunde, ambao masikio ya vijana huusikia na ya watu wazima, yakiwa yamekwisha kupungua nguvu, hayausikii. Mwenye duka hukaa kwa raha, kijana hukimbia. Chombo hakiulizi kama kijana yule anatukana au anamsubiri dada yake. Hakimbagui hata mtoto mchanga aliyemo katika kigari, asiyeweza kumwambia mama yake kinachomuuma. Mwaka 2010 Baraza la Wabunge la Baraza la Ulaya lilipendekeza kipigwe marufuku katika mahali pa umma, ingawa pendekezo si sheria. Nami nasema wazi kwamba mtu anayelalamikia kelele, kisha akatafuta kelele nyingine ya kuwapigia watoto wa wenzake, ameuacha ujirani.

Sheria nayo ina utelezi wake. Ile ya mwaka 1998 ya Uingereza iliyoanzisha amri za kuzuia utovu wa adabu mitaani ilikitazama kitendo kwa namna kinavyompata mwingine: kumsumbua, kumtia hofu au kumfadhaisha. Sheria ya mwaka 2014 iliziondoa amri zile, ikazipa halmashauri uwezo wa kuweka masharti kwa eneo zima la umma, na miji kadhaa imeutumia uwezo huo kuzuia mchezo wa ubao katikati ya mji. Aliyekatazwa mjini huenda wapi? Hurudi kwenye kile kiwanja kilicho karibu na nyumba, na mwenye nyumba huandika barua nyingine.

Inawezekana kuishi pamoja. Jijini London, chini ya ukumbi wa muziki wa Queen Elizabeth Hall, ukumbi wa watu waliovaa vizuri na kunyamaza, vijana wamekuwa wakiteleza tangu miaka ya 1970. Mwaka 2013 palikuwa na mpango wa kuwahamisha ili nafasi ile ipate maduka, na mwaka 2014 pande mbili zikaafikiana wabaki. Huko Portland, Marekani, mwaka 1990 wachezaji walimwaga zege wenyewe chini ya daraja la Burnside, pasipo kibali, mahali palipokuwa pamezoewa na watumiaji wa dawa za kulevya. Wenye biashara wa jirani waliona afadhali ya vijana wenye mbao, na mji ukakiacha kiwanja. Kwetu pia mchezo umefika: Kitintale, Kampala, vijana walijijengea kiwanja cha zege katikati ya mtaa mwaka 2006, na Kangemi, Nairobi, kilijengwa kimoja mwaka 2013 katika makao ya watoto ya Shangilia.

Linabaki lile la pili, la mwenendo, ambalo ni letu wazazi. Matusi, chupa na bangi havitoki kwenye ubao. Vina mwenyewe, naye ana kwao. Mzazi anayejua bei ya viatu vya mwanawe na asijue kiwanja anachokwenda, nani wakubwa wa pale na taa huzimwa saa ngapi, amemwachia jirani kazi ya malezi kisha atamkasirikia akiifanya. Katika viwanja vingi wapo wachezaji wa umri wa miaka 25 au 30 ambao wadogo huwatii kuliko polisi. Baba akishuka pale saa moja ya jioni, akatoa salamu, akamwambia mmoja wa wakubwa hao kwamba mkewe ana kichanga, atapata zaidi ya atakayoyapata kwa barua tatu.

Na barua ikilazimu, iandikwe kwa haki. Itaje siku na saa. Iseme kama ni mlio wa ubao, au ni muziki wa gari lililoegeshwa pembeni, ambalo mara nyingi halina uhusiano na wachezaji. Iulize miteremko ni ya chuma au ya zege, na kama ya chuma inaweza kujazwa chini au kubadilishwa. Iombe taa zijizime zenyewe saa tatu ya usiku, kwa kuwa gizani hakuna anayeruka. Iulize pia mbona hapana pipa la taka wala choo mahali ambapo watoto arobaini hushinda kutwa nzima.