Ku tenisi kama ku machimbo: sikiliza mbele ya kuazibu

Kila mwaka, mwezi wa 5 ukielekea mwisho, watu wengi wa kwetu wanafungua televisheni na kukuta Roland-Garros, yale mashindano ya tenisi ya Paris. Wanangojea paka mechi za mutu mumoja-mumoja, za wale wenye majina makubwa. Mechi za wanawake wawili-wawili, ni wachache wanaozifuata. Sisi watu wa sendika tunaomba leo musome juu ya moja kati ya hizo, kwa sababu mambo yaliyotokea mule tunayajua sana. Tunayaona ku kazi.

Ilikuwa siku ya yenga, tarehe 4 Juni 2023. Miyu Kato wa Japani na mwenzake Aldila Sutjiadi wa Indonesia walikuwa wanacheza na Marie Bouzkova wa Czech na Sara Sorribes Tormo wa Hispania. Seti ya kwanza waliipoteza, lakini mu ya pili walikuwa mbele, 3 kwa 1. Pointi moja ikaisha. Mpira ulikuwa haumo tena mu mchezo. Kato akaupiga ili urudi upande ule mwingine, ukaenda kumugonga ku shingo mutoto mwanamuke, mumoja wa wale wanaookota mipira. Mutoto akalia. Kato akamuomba musamaha.

Mwamuzi akatoa azabu ya kwanza: avertissement. Kama ingebakia pale, hakuna mutu angezungumuza habari hii leo. Lakini wale wawili wa upande mwingine wakasogea kwa mwamuzi, wakamuambia aangalie vizuri, mutoto analia. Wakubwa wa mashindano wakaitwa, wakazungumuza pale kiwanjani, na azabu ikageuka: Kato na mwenzake nje. Tena Kato akanyanganywa pointi zake na feza yote aliyokuwa ameipata mu mashindano ya wanawake wawili-wawili.

Tuanze na mutoto, juu njo pa kuanzia. Ku kiwanja kile yeye njo mudogo kuliko wote. Hana raketi, jina lake halitangazwe. Mutu wa sendika mwenye anasahau yule mwenye kuumia ili atetee yule mwenye jina, huyo haiko mutu wa sendika. Mpira wa mchezaji wa kiwango kile ni kitu kizito, na kuupiga bila kuangalia kwenye unaenda ni kosa. Ku machimbo, mwenye kurudisha mashini nyuma bila kuangalia nani iko nyuma yake, hata kama hakuwa na nia mbaya, tunamuambia: umekosa. Kwa hiyo hatuseme Kato alipashwa kuachwa hivi-hivi.

Tunajua pia kanuni haikutungwa juu yake. Novak Djokovic, mukubwa wa wakubwa, aliondolewa ku US Open mu 2020 juu mpira wake ulimugonga mwamuzi wa mustari ku koo. Yeye pia hakukusudia, na yeye pia alipoteza pointi na feza. Basi watu wanasema: sheria ni moja kwa wote, kelele ni ya nini?

Kelele ni ya mambo mawili.

La kwanza ni namna ya kuhukumu. Mwamuzi alikuwa ameisha kuhukumu. Kati ya hukumu ya kwanza na ya pili, mpira ulikuwa ule ule, mukono ule ule, nia ile ile. Kitu kipya kilikuwa machozi ya mutoto na sauti ya washindani. Machozi yanaonyesha kama mutu ameumia. Hayaonyeshe ukubwa wa kosa la yule mwingine. Kwetu, chef akikasirika asubui na kumufukuza mutu mbele ya saa sita, tunamuuliza: demande d'explication iko wapi? Nani alimusikiliza? Kodi ya kazi ya 2002 inasema mutu mwenye kontra ya muda usio na mwisho haachishwe bila sababu ya kweli, na mwenye kuvunja kontra kwa kosa kubwa anapashwa kujulisha mwenzake kwa maandishi mbele ya siku 15 za kazi kuisha, tangu siku alijua mambo. Siku zile hazikuwekwa kwa bure. Ziliwekwa ili hasira ipoe na akili ifanye kazi.

La pili ni feza. Kumutosha mutu mu mechi ni azabu ya mechi. Lakini ile feza ya mechi za mbele Kato alikuwa ameisha kuitolea jasho. Kwetu, hata mutu akifukuzwa kwa faute lourde, siku zenye alitumika ni zake, zinalipwa. Ku tenisi, kosa la dakika moja linakula kazi ya siku zilizopita. Na musifikiri wote ni matajiri. Mwaka ule, mwenye kushinda peke yake alipewa euro 2.300.000, wawili walioshinda pamoja, euro 590.000 za kugawana. Na wale wanaotoka mapema wanapata kidogo sana kuliko pale. Ndege, hoteli, mwalimu, kila mutu anajilipia. Ni kama watu wetu wa sous-traitance: leo uko ku kazi, kesho hapana, na hakuna wa kukukingia.

Tena kuna Sutjiadi. Yeye hakupiga ule mpira, lakini mechi yake iliisha palepale. Njo hali ya kucheza wawili: mwenzako akianguka, na weye unaanguka. Wale wa upande mwingine walisema kisha kwamba waliomba tu mwamuzi achunguze, na uamuzi haukuwa wao. Ni kweli, uamuzi ulikuwa wa wakubwa. Hata hivi tunawaambia watu wetu: musipeleke mwenzenu kwa chef mbio-mbio. Mutoto ameumia? Itieni munganga, semeni yale muliona, basi. Azabu, muachie wenye kuitoa. Mulango wenye unafungua leo ili mwenzako atoke, kesho utatokea humo.

Wanawake wa tenisi wanajua nguvu ya umoja kuliko wengi. Mu 1970, kule Houston, wachezaji 9, Billie Jean King kati yao, walisaini kontra za dola 1 ili wajitenge na wakubwa waliokuwa wanawalipa vibaya. Mu 1973 chama chao WTA kikazaliwa, na US Open ikalipa wanawake na wanaume sawa. Roland-Garros na Wimbledon walifika pale kabisa mu 2007 tu. Hiyo haki haikutoka mu roho nzuri ya mutu. Na juu ya habari ya Kato, PTPA, chama kilichoanzishwa mu 2020 na Djokovic na Vasek Pospisil, kilisema wazi kwamba azabu ilipita kipimo. Kusema ni vizuri. Inabakia kukaa ku meza na kuandika kanuni mupya.

Kato mwenyewe hakulala na kilio. Siku 4 kisha, palepale Roland-Garros, alishinda mashindano ya mwanamuke na mwanaume, yeye na Tim Pütz wa Ujerumani. Mukono na kikombe, akasema mbele ya watu wote kwamba anangojea jibu la rufaa yake. Tunamupa heko. Alishinda na hakunyamaza.

Kwa madelege wenzetu tunasema hivi: kila mara mutu ataumia ku kazi, mukimbilie kwanza kwa mwenye kuumia. Kisha muulize maswali matatu: nani aliona, nani alisikilizwa, azabu inalingana na kosa? Kama jibu moja linakosa, musitie sinyatire.